Nati za tairi kwenye gari la mashindano: zipakwe grisi au zikazwe kavu?

KijanaWaIpuli

Wakuu habari zenu, na wakubwa wote shikamooni. Naomba mwongozo, maana kwa suala hili kila fundi hapa mtaani ana lake na wote wanaongea kwa uhakika uleule.

Nina Subaru Impreza ya zamani, GC8, ninayoiandaa kwa mbio za magari. Ipo hapa Tabora. Mazoezi nafanyia kwenye njia ya mchanga nje ya mji upande wa Sikonge, na mashindano yakitangazwa Iringa au Morogoro tunaipandisha kwenye trela na kwenda. Rimu ni za aloi, nimezinunua zikiwa zimeshatumika, na muuzaji alizipaka rangi nyeupe kabla hazijafika kwangu. Nati ni zile za chuma zilizokuja na gari, zenye koni.

Wiki hii, baada ya kukimbiza kipande chenye makorongo, nikasikia gari linatetema nyuma kushoto. Nikasimama. Nati mbili zilikuwa zinageuka kwa vidole. Nikachukua wili spana nizikaze ili turudi mjini, moja ikanibakia mkononi na kipande cha stadi ndani yake, yaani ile bolti inayopita kwenye tundu la rimu na kushika nati. Tumerudi mwendo wa baiskeli, nati nne kwa tundu tano.

Anayenifungia tairi hutumia bunduki ya upepo, na kila mara anapaka grisi kwenye stadi zote. Anasema inazuia kutu. Fundi jirani kaona grisi akasema hiyo ndiyo iliyolegeza nati, niioshe yote kwa petroli. Wa tatu anasema tatizo ni kukaza kupita kiasi. Sasa nishike lipi? Grisi au kavu? Nikaze kiasi gani? Na stadi nibadilishe hiyo moja au zote?

Tani30_Kigoma

Kijana pole sana, na mshukuru Mungu ulisikia mtetemo mapema. Mimi niko Kigoma, nahudumia malori, mengi yanabeba chumvi ya Uvinza. Usiniambie habari ya nati kavu. Lori la chumvi likikaa msimu mmoja bila kitu kwenye nyuzi, nati inashikana na stadi mpaka unaita moto wa gesi. Tairi ikipasuka usiku kule pori la Malagarasi na nati haifunguki, umelala hapo. Mimi napaka grisi na nitaendelea kupaka.

Ila malori yangu ya Kijapani, upande wa kushoto nati zinafungwa kinyume, kwa hiyo zenyewe hazijilegezi. Labda hiyo ndiyo tofauti na gari lako.

Karakana_Kongwe

Marahaba mwanangu. Nimekuwa fundi mitambo kwenye karakana ya reli hapa Tabora, na baada ya hapo nikafanya kazi kwenye timu za kuhudumia magari ya rali. Nitakujibu kwa kirefu. Gurudumu likichomoka kwenye mwendo wa mashindano halichagui wa kumpiga, na watazamaji wetu unawajua, wanasimama ukingoni kabisa mwa njia na watoto wako mbele.

Kwanza elewa kinachoshika gurudumu. Ukikaza nati, stadi inavutika. Inarefuka kiasi usichoweza kukiona, na kwa kuwa ni chuma kizuri inataka kurudi urefu wake. Nguvu hiyo ya kutaka kurudi ndiyo inayoibana rimu kwenye uso wa habu, ile sehemu ya gari inayobeba stadi na kuzunguka pamoja na gurudumu. Uzito wa gari, breki na kona vinabebwa na msuguano wa nyuso hizo mbili zilizobanana. Mbano ukitosha, stadi yenyewe karibu haisikii kona. Mbano ukipungua, rimu inaanza kuteleza juu ya habu, kidogo sana, huku na huku, na kila mzunguko wa gurudumu unaikunja stadi mara moja. Hapo ndipo zinapokatika.

Sasa, spana ya torki, ile inayolia tik nguvu uliyoipangia ikifika, haipimi huo mvuto wa stadi. Inapima ugumu wa kuzungusha nati, basi. Katika kila sehemu 100 za nguvu unayoitia kwenye mpini, takriban 50 zinaliwa na msuguano pale koni ya nati inapokaa kwenye rimu, 40 zinaliwa na msuguano wa nyuzi, na 10 tu ndizo zinazoivuta stadi. Ukipaka grisi unazipunguza zile 90. Spana italia palepale ilipozoea kulia, na stadi itakuwa imevutwa zaidi sana.

Tuifanyie hesabu gari yako. Stadi zake ni milimita 12 na hatua ya uzi, yaani umbali wa uzi mmoja hadi unaofuata, ni milimita 1.25. Kwa Impreza za umri huo torki inayotakiwa, yaani nguvu ya kuzungusha nati, ni takriban Nm 90 (nyutonimita), na namba hiyo ni ya nyuzi safi na kavu. Chukua torki, igawanye kwa kipenyo cha stadi kwa mita, kisha kwa kizidisho cha msuguano, namba inayoonyesha msuguano ni mkubwa kiasi gani. Kwa chuma safi na kikavu kizidisho ni kama 0.20, na unapata mbano wa karibu tani 3.8 kwa kila stadi. Paka grisi kwenye nyuzi mpaka kwenye koni, kizidisho kinashuka hadi kama 0.13, na kwa Nm 90 zilezile stadi inavutwa kwa karibu tani 5.9. Stadi ya unene huo ya daraja la uimara la 8.8 ikipita kama tani 5.4 inaanza kurefuka moja kwa moja bila kurudi. Ya daraja la 10.9 inavumilia hadi karibu tani 7.8.

Geuza upande wa pili. Nyuzi zenye kutu na mchanga wetu huu zinaweza kukipandisha kizidisho hadi 0.30. Spana inalia vilevile, wewe unaridhika, na mbano uliopata ni tani 2.5 tu.

Kwa hiyo namba ya torki na hali ya nyuzi ni kitu kimoja. Anayekutajia Nm bila kukuambia nyuzi ziwe kavu au zimepakwa, hajakuambia kitu. Na bunduki ya upepo kwenye stadi zenye grisi ni mbaya kuliko vyote, kwa sababu hapo hata namba ya kuanzia hakuna. Bunduki ni ya kufungulia. Kufunga ni mkono.

Jirani yako kuhusu grisi kulegeza nati, hakuwa mbali na hakuwa karibu. Mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha mwaka 1969 kwamba nati hujifungua pale vitu ilivyovibana vinapoteleza kwenda upande. Nati yenye grisi na mbano wa kutosha haiendi popote. Nati kavu iliyopoteza mbano itajifungua tu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini mbano ulipotea upande ule wa nyuma kushoto. Stadi iliyorefushwa kupita kiasi hupoteza mbano. Nati ya koni isiyolingana na kiti cha rimu hupoteza mbano. Uchafu kati ya rimu na habu nao unapoteza mbano.

Naomba uniangalizie mambo matatu kabla sijasema zaidi. Kipande kilichokatika, uso wake ukoje: kuna sehemu laini na sehemu ya chengachenga, au kote kumevutika na kuwa chembamba kama ulimi? Stadi nne zilizobaki, chukua nati mpya ya uzi sahihi uizungushe kwa vidole hadi chini. Je, kuna mahali inakwama? Na ile rangi nyeupe, imeingia kwenye viti vya koni na kwenye uso wa nyuma wa rimu unaogusa habu?

Ukinunua nati mpya uwe macho. Nati nyingi za Toyota ni milimita 12 pia, ila hatua ya uzi ni 1.5. Ikiwekwa kwenye stadi ya Subaru inaanza kuingia kama kawaida, inazunguka kidogo, halafu inakaza kwa kula nyuzi, na mwenye duka atakuambia imekaa vizuri. Vilevile nati za rimu za aloi za Toyota nyingi zina shingo ndefu na washa bapa. Hizo hazina koni na haziwezi kukaa kwenye rimu zako kabisa.

KijanaWaIpuli

Mzee wangu asante sana, sikutegemea jibu la namna hii. Nimeangalia sasa hivi kwa tochi.

Kipande kilichokatika: zaidi ya nusu ya uso ni laini, una mistari ya upinde kama mawimbi, imeingia rangi ya kutu. Sehemu iliyobaki ni ya chengachenga na inang'aa. Hakujawa chembamba.

Stadi nne: nati inashuka kwa vidole kwenye mbili. Kwenye mbili inakwama katikati.

Rangi: iko kila mahali. Kwenye viti vya koni imeminywa na kubanduka vipande, na nyuma ya rimu kuna tabaka nene, pale inapogusa habu imeacha alama za duara na unga mweupe. Rimu nyingine tatu ziko hivyohivyo ila hazijabanduka sana.

Karakana_Kongwe

Basi tumelipata.

Mistari ya upinde ni alama ya chuma kilichochoka. Ufa ulianza siku nyingi, ukawa unasogea hatua kwa hatua kila ulipokimbiza, na kutu iliyoingia inathibitisha kwamba haukuwa wa siku ile. Ile sehemu inayong'aa ndiyo iliyokuwa imebaki, na ndiyo iliyokatika mkononi mwako. Wili spana yako haikuikata. Iliimalizia.

Kilichoanzisha ni rangi. Rangi nene chini ya nati haikai. Unakaza, spana inalia, halafu joto na mtetemo vinaiminya rangi na kuibandua, na stadi inarudi urefu wake. Ukumbuke stadi ilikuwa imerefuka kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Unene wa rangi ukiondoka, mvuto wote umeondoka nao. Rimu ikaanza kuteleza, stadi zikaanza kukunjwa. Zile mbili ambazo nati inakwama zimesharefuka, hilo ni la grisi na bunduki. Makosa mawili yamekutana kwenye habu moja.

Badilisha stadi zote tano za habu hiyo. Usiniambie mbili bado nzima. Zilibeba kazi ya wenzao na huwezi kuona ufa ulioanza ndani. Habu tatu nyingine zipime kwa nati na vidole kama ulivyofanya. Itakayokwama hata moja, badilisha zote za habu hiyo.

Rimu zote nne toa rangi kwenye viti vya koni na kwenye uso wa nyuma hadi uone aloi. Tumia kemikali ya kuondolea rangi na kitambaa kigumu. Usitie msasa wa mashine, utakula koni na kuipoteza. Habu nayo brashi ya waya hadi chuma, hasa ile shingo ya katikati, ambayo kwa Subaru hii ni milimita 56.1. Tundu la katikati la rimu likiwa kubwa zaidi, tafuta ringi ya kujazia nafasi hiyo.

Wakati unaangalia rimu, kagua kama tundu zimekuwa za yai. Ile ya nyuma kushoto ikiwa hivyo, usiitumie tena, hata kwenye gari la kwenda sokoni.

Dada_Spana

Shikamoo mzee. Mimi ni mtoto wa Tabora, sasa nipo Arusha kwenye timu ya kuhudumia magari ya rali. Hesabu zako nakubaliana nazo zote. Ila naomba nitofautiane nawe kidogo kuhusu kavu, kwa heshima, maana sisi tunapaka.

Gari la rali linafunguliwa magurudumu kila linapoingia sehemu ya huduma, na mazoezini pia. Nati kavu ya chuma ikifungwa na kufunguliwa mara nyingi, koni inachubuka na nyuzi zinachubuka, na msuguano unapanda kila safari. Ina maana kwa namba ileile ya spana mbano unashuka polepole bila mtu kuona. Nati moja inakuwa na msuguano huu, ya pili ule. Ukipaka kidogo na kwa usawa, nati zote tano zinakaribiana, na huo usawa ndio tunaoutaka.

Lakini kuna masharti. Stadi zetu ni ndefu, za daraja la juu, na mtengenezaji ametoa torki ya stadi zikiwa zimepakwa, hatutumii namba ya kitabu cha gari. Aina ya grisi ni moja mwaka mzima. Anayepaka ni mtu mmoja, kwa brashi ndogo, na kila huduma anafuta ya zamani kwanza. Ukiona mtu anachovya kidole kwenye kopo la grisi ya beringi, hiyo siyo ninayoisema.

Jambo lingine ambalo naona halijaguswa ni joto. Gari likitoka kwenye kipande cha mashindano, breki zinachoma na rimu pamoja na habu ni za moto. Aloi hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukikaza kwa torki kamili wakati kila kitu kimetanuka, kikipoa mbano unashuka. Kwa hiyo sisi tunakaza gari linapoingia kwa sababu dakika ni chache, kisha mtu wa mwisho anarudia kwa spana ya torki kabla halijaondoka, nyuso zikiwa zimepoa kiasi. Dereva na msoma ramani wakibadilisha tairi wenyewe njiani ndiyo zaidi, kwa sababu wamekaza kwa haraka, kwa moto, pengine na mchanga kwenye koni. Gurudumu hilo tunalifungua upya kabisa likifika, tunapangusa, tunafunga tena.

Na chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu ukishamaliza. Mstari ukikatika unaona ukiwa umesimama, huhitaji hata spana.

Karakana_Kongwe

Marahaba binti yangu. Umesema sawa na nimefurahi kusikia mtu anayefuta ya zamani kwanza. Timu yenye stadi zinazojulikana, grisi moja na mkono mmoja, ipake. Hilo sikatai, na hilo la kuchubuka kwa koni ni kweli.

Namfikiria huyu kijana. Stadi zake hajui ni za daraja gani. Wanaomfungia ni watu tofauti. Na vumbi la hapa kwetu unalikumbuka, kuanzia mvua inapokata hadi Oktoba ni unga mtupu. Grisi ikiachwa wazi kwenye ncha ya stadi inakusanya mchanga, na nati inayofuata inaingia na mchanga huo ndani. Hiyo ni sawa na kupaka msasa wa maji kwenye nyuzi. Kwake yeye nasema kavu na safi, kwa Nm 90, na nati abadilishe mapema zinapoanza kuchubuka, maana nati ni bei ndogo.

Ikitokea siku ameona nyuzi zinalia na ni lazima apake, basi apake nyuzi peke yake, tone la kupangusa kwa kitambaa, koni ibaki kavu. Hapo msuguano wa koni bado upo, kizidisho kinakuwa katikati, kama 0.16 au 0.17, na torki ishuke kwa karibu sehemu moja ya tano, yaani Nm 72 hivi. Akipaka na koni, namba hiyo haifai tena. Ndiyo maana sipendi kumwachia mtu mgeni uamuzi huo.

Sasa kukaza kwenyewe. Gari likiwa juu ya jeki, nati zote anza kwa vidole hadi chini. Ikikataa kwa vidole, toa, usilazimishe. Kisha kwa spana fupi zibane kidogo kwa mtindo wa nyota, moja, ruka, moja, ruka, ili koni ziiweke rimu katikati. Shusha gari hadi tairi iguse chini na isizunguke. Halafu torki kwa mtindo uleule, kwanza nusu, kisha kamili. Vuta taratibu mara moja mpaka ilie, uache. Wale wanaoliza spana mara tatu tatu wanaongeza.

Baada ya stadi mpya na rimu zilizosuguliwa, rudia kuangalia ukishatembea kilomita 50 hadi 100, gari likiwa limepoa. Usilegeze nati kwanza. Weka spana kwenye namba ileile, vuta. Ikilia bila nati kusogea, vizuri. Nati ikisogea, kuna kitu kinaminyika bado, kitafute.

KijanaWaIpuli

Mzee, spana ya torki nimeazimwa, ni ile ya kulia tik, lakini mwenyewe anasema imekaa muda mrefu stoo ikiwa imekazwa. Naweza kuiamini?

Karakana_Kongwe

Usiiamini, ipime. Spana ya aina hiyo ina springi ndani, na ikiachwa imekazwa springi inachoka. Ukimaliza kazi siku zote irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, na isitumike kufungulia.

Kuipima huhitaji maabara. Bana kichwa chake, ile pembe nne, kwenye vaisi, mpini ulale sawasawa. Chukua dumu la lita 20, tia maji lita 19. Pamoja na dumu lenyewe inakuwa karibu kilo 20. Lining'inize kwa kamba sentimita 50 kutoka katikati ya pembe nne. Hiyo ni Nm 98. Mpini ukiwa mfupi kuliko hapo, piga hesabu upya: kilo mara 9.81 mara urefu kwa mita. Weka spana kwenye 90, achia dumu taratibu: inatakiwa ilie. Weka kwenye 110, isilie. Ikikosea hapo, mrudishie mwenyewe na umwambie, asije akafungia mtu mwingine.

Tani30_Kigoma

Mzee nimefuatilia mwanzo mwisho. Sasa mimi na malori ya chumvi niache grisi? Maana kutu ya Uvinza haijui habari ya kizidisho.

Karakana_Kongwe

Hapana ndugu yangu, mazingira yako ni mengine na una haki ya kujikinga. Ila soma kitabu cha lori. Yale yenye nati bapa zenye washa inayozunguka, watengenezaji wengi wanataka tone la mafuta kwenye nyuzi na tone kati ya nati na washa yake, na torki waliyotoa imeshahesabu hayo mafuta. Hapo ukikaza kavu ndipo unapokosea. Yale ya zamani yenye nati za koni au za mviringo, kiti chake kiache kikavu. Grisi ya kukinga chumvi ipake ukishamaliza kukaza, kwa nje, kwenye ncha ya stadi inayotokeza. Inakinga vilevile.

Na nati za kushoto zinazofungwa kinyume zinasaidia, ila usizitegemee. Mbano ukipotea, nazo zinaachia.

KijanaWaIpuli

Nimepata stadi mpya. Muuzaji alikuwa na aina mbili, moja haina maandishi, nyingine kichwani imeandikwa 10.9, nikachukua hiyo. Urefu ni sawa na za zamani. Rimu nimeshatoa rangi zote nne, na ile ya nyuma kushoto tundu mbili zimekuwa yai, nimeiweka pembeni. Swali la mwisho: stadi naziingiza kwa nyundo?

Karakana_Kongwe

Kutoa, nyundo sawa, ukishafungua breki na disiki na kuizungusha habu hadi mahali stadi inapata nafasi ya kurudi nyuma. Kuingiza, hapana. Nyundo inaumiza beringi ya habu na stadi inaweza kuingia upande. Kama huna presi, ile mashine ya kusukumia vyuma kwa mgandamizo, ivute kwa nati ya zamani na washa nene kadhaa zilizopakwa oili, hadi kichwa kilale kabisa nyuma ya habu, kisha nati hiyo uitupe. Angalia meno ya shingo yake yalingane na tundu la habu. Yakiingia bila kukaza, siyo yenyewe, rudisha dukani.

Ukishaweka rimu, hesabu mizunguko ya nati kuanzia inaposhika hadi inapobana. Kwa uzi wako isipungue 10.

Au Jumamosi asubuhi ivue habu uniletee, presi ninayo. Nipo nyumbani, Cheyo, nimekutumia ujumbe wa pembeni unaoelekeza. Njoo na zile stadi za zamani zote, na ile rimu ya tundu za yai, nataka niione.

KijanaWaIpuli

Nitafika mzee wangu, saa mbili kamili.